SDIO kwa wanaorudi Windows 7: draiva zipo, ila usiiachie ichague yenyewe

Kwa wenye haraka nisiwachoshe, SDIO ni programu ya kutafuta na kuweka draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia kila kifaa, na ni nzuri, ni bure kabisa, haina matangazo, na kwa fundi anayepiga Windows za zamani mara kwa mara sioni kitu kingine cha kushindana nayo. Ila ukiifungua ukatiki kila kitu, ukabonyeza Install ukaenda zako kunywa chai, unaweza kurudi ukakuta alama za njano, zile Windows inazoweka kwenye kifaa kisicho na draiva, zimeisha zote na bado vitu kadhaa havifanyi kazi. Hapo ndo nataka tupaongelee leo.

Jina lake kamili ni Snappy Driver Installer Origin. Anayeitunza anaitwa Glenn Delahoy na ni tawi lililochipuka kutoka Snappy Driver Installer ya mwanzo, sasa zote mbili zipo na zinafanana jina mpaka sura, kwa hiyo ukitafuta mtandaoni uwe makini, mi naongelea hii yenye neno Origin mwishoni. Ni programu huria, haitaki kusetiwa, ni folda tu unaiweka kwenye flashi au ekstenali unaifungulia humohumo. Inakubali kuanzia Windows XP mpaka Windows 11.

Najua mtu atauliza Windows 7 ya nini saa hizi. Ilitoka Oktoba 2009, na tarehe 14 Januari 2020 Microsoft wakaacha kuipa apdeti za bure, kwa matumizi ya kawaida ya mtandaoni kwa kweli sikushauri. Jibu langu ni fupi, ni mashine. Huku mtaani kuna watu wa stika na steshenari wana plota za kukatia, programu yake ilikuja kwenye CD enzi hizo, ukiiweka kwenye Windows 10 inafunguka vizuri tu lakini plota haiitiki hata ufanyeje. Na plota yenyewe ni nzima, inakata kama kawaida, sasa kumwambia mwenye nayo atupe anunue nyingine eti kisa Windows ni kumtania. Cherehani za kudarizi za kompyuta ni hivyohivyo, na wale wa gereji wenye vifaa vya kusoma magari wanajua nasema nini. Kwa hiyo unatafuta laptopu ya kipindi kile, unaipiga Windows 7, inakuwa ya kazi hiyo moja tu, ikishakaa sawa unaichomoa mtandaoni na mambo ya benki na imeili hayaingii humo.

Laptopu niliyoifanyia kazi ni HP EliteBook 8460p, hizi za 2011 zenye Core i5 ya kizazi cha pili, used zake zilijaa sana madukani na bado zipo maofisini, bodi ngumu na kibodi tamu. Windows 7 yenyewe inaingia bila shida yoyote. Shida inaanza ukifika desktopu.

Skrini imevutika, ikoni zimekuwa minyama, ukihamisha dirisha linajikokota. Mama mwenye steshenari akachungulia akasema, "Fundi, mbona imekuwa kama TV ya chogo?" Nikamwambia, "Tulia mama, haijapata draiva bado." Maana Windows 7 ni ya 2009 na grafiki ya Intel HD 3000 iliyomo kwenye hiyo prosesa ilikuja 2011, hawajuani, kwa hiyo inaandika tu Standard VGA Graphics Adapter na kukupa picha ya kubahatisha. Waifai hamna. Waya wa mtandao nao hamna, kwa sababu chipu ya Intel 82579LM nayo ni ya baadaye. Ukifungua Device Manager, ile orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, unakuta orodha ya njano: Ethernet Controller, Network Controller, Base System Device, PCI Simple Communications Controller, PCI Serial Port, Unknown device. Ukibonyeza yoyote inakupa Code 28, maana yake hakuna draiva iliyowekwa, basi, kifaa hakijaharibika, watu wengi hapa wanapanic wanadhani bodi imekufa.

Alafu mtego wenyewe ndo huu, draiva ya mtandao iko mtandaoni. Njia ya haraka ambayo wengi hawaijui ni simu yako ya Android, chomeka kwa waya wa USB, washa USB tethering, Windows 7 inaitambua yenyewe kama Remote NDIS bila kudai draiva yoyote, na hata kama simu iko kwenye waifai intaneti inapita tu. Chomeka kwenye mlango wa USB wa kawaida, usichomeke kwenye ule wenye herufi SS, maana Windows 7 haina draiva ya USB 3.0 ndani yake na mlango huo unaweza kuwa umelala mpaka uupe draiva yake. Lakini hata ukipata intaneti usifurahi sana, brauza inayokuja nayo ni Internet Explorer 8 na tovuti nyingi za sasa haziifungukii kabisa, na Windows Update ya Windows iliyotoka moja kwa moja kwenye diski nayo imegoma siku nyingi. Ndo maana nasema andaa kila kitu kwenye kompyuta nyingine kabla, na hapo ndo SDIO inaingia.

Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza unataka kushusha nini, na chaguo ni tatu. Ya kwanza ni draiva zote, hiyo ni makumi ya GB na inashuka kwa torenti, yaani vipande vipande kutoka kompyuta za watu wengine, kama unategemea bando la simu sahau, labda uwe na fundi mwenzio mwenye faiba au ofisi ambayo haijafunga torenti. Ya pili ni draiva za mtandao tu, hii ndo ningemshauri mtu wa kawaida aanze nayo, kwa sababu laptopu ikishapata mtandao mengine yanafuata. Ya tatu ni indeksi tupu, yaani orodha tu inayoijulisha SDIO nini kipo kwenye pakiti ipi, alafu yenyewe inakwambia laptopu hii inahitaji pakiti hii na hii, unashusha hizo tu. Pakiti zenyewe ni mafaili ya 7z yenye majina yanayojieleza, DP_LAN_Intel, DP_Chipset, DP_CardReader na kadhalika, huzifungui mwenyewe, unaziacha kwenye folda lao inazichimba yenyewe.

Mi ninayo yote kwenye ekstenali na sijutii nafasi iliyokula. Kazini kwetu umeme na mtandao havitabiriki, ukiwa na ekstenali hiyo unaenda kwa mteja popote unamaliza.

Kitu kingine ambacho sijaona watu wakikitaja ni snapshoti. Kila ukiifungua kwenye laptopu, inaandika faili lenye mwisho wa snp kwenye folda la logs, humo kuna orodha ya vifaa vyote vya hiyo laptopu. Unaweza kulibeba hilo faili peke yake, ni dogo, ukarudi nalo kwenye kompyuta yenye mtandao ukalifungua kwenye SDIO ya huko, ikakuonyesha kana kwamba umekaa mbele ya laptopu ya mteja, ukajua ushushe nini. Kwa mtu wa bando hii peke yake inatosha kuipenda.

Sasa tuje kwenye kuitumia yenyewe. Kuna faili mbili za kufungulia, moja ina x64 kwenye jina, ukiwa na Windows ya biti 64 fungua hiyo. Muonekano wake umejaa, nisiseme uongo, mtu asiyezoea anaona orodha ndefu ya vifaa na vimaandishi kila upande mpaka anaogopa. Vumilia. Tiki kwanza ile ya kutengeneza restore point, ya kukurudisha ulipokuwa mambo yakiharibika, alafu washa Expert mode, zinatokea chujio pembeni: Not installed, Newer, Better match na nyingine. Hapa ndo penye ugomvi wangu na mafundi wengi. Wao wanaacha zote zimewaka. Mi naacha Not installed peke yake. Kilichokuwa hakina draiva kipewe draiva, kilichokuwa kinafanya kazi kiachwe na draiva yake, hata kama SDIO inaona kuna toleo jipya. Kwenye mfumo wa zamani upya wa draiva sio sifa.

Mfano mzuri ni hiyohiyo plota. Ina mlango wa serial wa pini 9, laptopu haina, kwa hiyo kuna ka-adapta ka kutoka USB kwenda serial, haka kanauzwa kila duka. Ukiangalia Details kwenye Device Manager, sehemu ya Hardware Ids, kananiambia USB\VID_067B&PID_2303. Hiyo 067B ni Prolific na 2303 ni chipu ya PL2303, maarufu sana duniani na imeigwa sana pia. Prolific walivyochoka na feki wakatoa draiva mpya zinazokataa chipu za kizamani na za kuiga, na pale inapokataa unapata Code 10, kifaa hakiwezi kuanza. Kwenye Windows mpya mpaka jina la kifaa linabadilika linakuandikia PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012, PLEASE CONTACT YOUR SUPPLIER, sasa huyo supplier utampata wapi na adapta ulinunua kwa mmachinga. Dawa yake ni draiva ya mwaka 2008, matoleo ya 3.3.2, hiyo haibagui. Na SDIO ikiwa imeachiwa ichague yenyewe itakimbilia ya juu, maana ndo kazi yake, inapanga kwa kufanana na kwa tarehe, haiwezi kujua kwamba adapta yako ilitengenezwa uchochoroni.

Kurudi nyuma ni rahisi. Raiti kliki kwenye kifaa, Update Driver Software, Browse my computer, alafu Let me pick from a list, yale matoleo yaliyomo yanajipanga, unachagua la chini. Na kabla hujasherehekea angalia imepewa COM namba ngapi, yaani namba Windows inayoupa huo mlango wa serial, maana programu nyingi za plota za zamani zinaona COM1 mpaka COM4 tu na Windows inapenda kugawa COM7 au COM9 huko. Nenda Port Settings, Advanced, badilisha COM Port Number iwe ya chini. Watu wanahangaika siku nzima na draiva kumbe draiva ni nzima, namba ndo iko mbali.

Na kwa wenye adapta za FTDI, kampuni nyingine ya chipu hizi, msijione, mwaka 2014 draiva mpya iliyopita kwenye Windows Update ilikuwa ikikuta chipu feki inaifuta namba yake ya PID inaandika sifuri, adapta inakuwa haitambuliki hata ukiihamishia kompyuta nyingine. Kelele zikawa nyingi ikaondolewa. Ukisikia fundi mzee anakwambia usiguse draiva inayofanya kazi, ana sababu zake.

Turudi kwenye ile orodha ya njano maana kila mtu anaipata na kila mtu anauliza ni nini. Base System Device karibu kila mara ni kadi rida, ile nafasi ya memori kadi, SDIO inaimaliza vizuri. PCI Simple Communications Controller ni Intel Management Engine, draiva yake inaitwa MEI, hauoni faida yake kwa macho ila weka. PCI Serial Port hiyo ndo inadanganya sana watu wa plota, wanasema kumbe laptopu ina serial tayari! Hapana, hiyo ni Serial Over LAN ya Intel AMT, ni ya watu wa IT wa maofisini kuongoza kompyuta kwa mbali, haina mlango wa kuchomeka chochote. Na Unknown device kwenye hizi HP ukikuta imeandikwa ACPI\HPQ0004 ni 3D DriveGuard, sensa inayozuia diski isikwaruzike laptopu ikidondoka, sasa kama umeshaweka SSD hata usipoiwekea hakuna kitakachotokea, ni njano tu inakuudhi macho.

Ukishajua kusoma hizo namba za Hardware Ids hauhangaiki tena. VEN ni mtengenezaji na DEV ni kifaa chenyewe. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 Broadcom, 168C Atheros, 10DE Nvidia, 1002 ni AMD. Chukua PCI\VEN_10EC&DEV_8168 kwa mfano, huyo ni Realtek wa mtandao wa waya ambaye yuko kwenye laptopu nyingi sana, na draiva yake ni ileile iwe laptopu ni Dell, Acer au Toshiba, acheni kutafuta kwa jina la laptopu. Hizo namba unaweza kuzipachika moja kwa moja kwenye Microsoft Update Catalog na inatoa faili la cab, ukilifungua kuna inf ndani, faili linaloielekeza Windows jinsi ya kuweka draiva, unaielekeza Device Manager kwenye hilo folda. Ni njia ya polepole lakini faili linatoka Microsoft, hakuna wasiwasi.

Kasoro kubwa ya SDIO, kama ni kasoro, ni kwamba inakupa draiva tupu, haikupi programu inayoambatana nayo. Wengi hawaelewi tofauti. Sensa ya kidole inapata draiva, njano inaondoka, lakini hakuna programu ya kusajili kidole, kwa hiyo haikusaidii kitu. Sauti inatoka ila ile paneli ya kurekebisha hamna. Vitufe vya juu vya kuzima waifai na kupunguza mwanga, kwenye HP vinategemea programu yao ya hotkey. Tachipadi inasogeza mshale lakini kusogeza ukurasa kwa vidole viwili inaweza isikubali. Hivyo vyote nachukua kwa mtengenezaji, na kwa hizi za biashara, EliteBook, Latitude, ThinkPad, watengenezaji wake walitoa draiva za Windows 7 kamili. HP ukibonyeza Fn na Esc kwa pamoja inakuonyesha modeli na namba ya bidhaa, unaiandika kwenye tovuti yao, alafu, hii muhimu, unabadilisha mfumo kwenye menyu uwe Windows 7 na biti zako, maana tovuti inaangalia kompyuta unayotumia wakati huo ikakuletea za Windows 10 au 11, mtu anaona orodha fupi anasema zimefutwa. Faili zao zinaanza na sp na namba, ukizifungua zinajimwaga kwenye C:\SWSetup. Hata ile setapu ikigoma, lile folda limeshabaki, unaielekeza Device Manager humo inachukua. Dell wao ni Service Tag, iko chini ya laptopu, kama stika imefutika ipo kwenye BIOS, ile menyu ya laptopu unayoingia kabla Windows haijawaka.

Kwa hiyo mpangilio wangu uko hivi, chipseti na mtandao na kadi rida na vile visivyojulikana natoa SDIO, nazima nawasha, alafu grafiki, sauti, tachipadi na vitufe natoa kwa mtengenezaji. Grafiki SDIO inayo na inafanya kazi, ni uzoefu tu wangu kwamba ya mtengenezaji inakaa vizuri laptopu ikilala na kuamka.

Kuna Code 52 pia, hii inachanganya kuliko zote. Draiva ipo, imeingia, Windows inasema haiwezi kuthibitisha sahihi yake. Watu wanazima uthibitisho kwa F8 kila wakiwasha, ni mateso. Sababu ni kwamba draiva za miaka ya karibuni zimesainiwa kwa SHA-2, mtindo mpya wa sahihi, na Windows 7 ya kwenye diski inaijua SHA-1, ule wa zamani. Unahitaji Service Pack 1, alafu apdeti ya KB4490628, alafu KB4474419, zote zipo kwenye Microsoft Update Catalog, ukishaziweka na kuzima kuwasha zile draiva zilizogoma zinakubali. Mi hizo mbili zinakaa ndani ya folda la SDIO kwenye ekstenali kabisa, na Firefox ESR 115 juu yake, ndo Firefox ya mwisho kukubali Windows 7, kwa zile dakika chache utakazokuwa mtandaoni.

Zile programu za kulipia zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa kubofya mara moja sitazitaja majina. Zinaskani bure, zinakuandikia kwa wekundu kwamba draiva kibao zimechakaa, ukitaka kurekebisha toa kadi. Nilishaletewa laptopu ambayo mwenyewe alilipia mojawapo na kilichokuwa kimechakaa kilikuwa ni draiva ya Microsoft ya mwaka 2006 ya kibodi, ambayo tarehe yake iko hivyo kwenye Windows za kuanzia Vista kwa makusudi, haijachakaa chochote. Alafu kuitoa hiyo programu kwenye laptopu ndo ikawa kazi nyingine.

SDIO isipoweza kukusaidia ni pale Windows yenyewe inapokataa kuingia. Laptopu zenye Intel kizazi cha sita kuendelea, zile za kuanzia 2015 mwishoni, ziliondoa kidhibiti cha zamani cha USB, kwa hiyo unawasha flashi ya Windows 7, inaanza vizuri, ikifika kwenye kuchagua lugha mausi haiendi, au inakwambia draiva ya CD/DVD haipo wakati hakuna CD yoyote hapo, kinachokosekana ni draiva ya USB 3.0 ndani ya hiyo flashi. SSD za NVMe nazo Windows 7 haizioni, kuna KB2990941 ya kuingiza kwenye flashi kabla, inawezekana lakini sio kazi ya mtu mwenye haraka. Na kizazi cha saba Microsoft walishasema ni Windows 10 kwenda mbele, Windows Update ikawa inakukataa waziwazi. Ushauri wangu kama mteja anataka Windows 7 kwa ajili ya mashine yake, mtafutie laptopu ya kizazi cha pili au cha tatu, bei ni ndogo na unalala usingizi. Na kwenye BIOS hakikisha Secure Boot imezimwa na SATA iko AHCI kabla ya kupiga Windows, ukibadilisha baadaye unakutana na skrini ya bluu ya 0x0000007B.

Alama naipa nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya ule muonekano unaotisha wageni na kwa sababu torenti kwenye mitandao mingi ya maofisi na vyuo imefungwa, unabaki kuomba kwa mwenzio. Kwa mtu mwenye laptopu moja anayepiga Windows mara moja kwa miaka, shusha draiva ya mtandao peke yake kisha tovuti ya mtengenezaji inatosha. Kwa fundi sio suala la kujadili, kuwa nayo.

Alafu ukishamaliza, laptopu imetulia, plota inakata, usiondoke hivihivi. Windows 7 haina amri ya kutoa draiva nje kama Windows 10, ila draiva zote ulizoweka ziko C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, kopi folda hilo zima kwenye flashi, andika jina la mteja na modeli ya laptopu. Siku akirudi na diski imekufa unapiga Windows, unaielekeza Device Manager kwenye hiyo flashi kifaa kimoja kimoja, hata SDIO hauifungui.